Nyoka wa Pitman ndani ya roleksi

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua, na nitangulize radhi kwa urefu wake. Mzee aliyestaafu ana muda mwingi na bando kidogo, kwa hiyo nimeandika kwa kalamu kwanza. Wiki mbili zilizopita msomaji wako mmoja wa Mbale alisema vitabu vya kale vya elimu ya viumbe ni takataka za wakoloni, kwamba sayansi imekwisha kuvipita, na kwamba shule inayovihifadhi inafuga mende. Kuhusu mende simbishii. Nimefanya kazi miaka 39 katika maabara ya shule, na mende wa kabati la vitabu nawajua kuliko ninavyowajua baadhi ya shemeji zangu. Hayo mengine ndiyo yaliyoninyima usingizi.

Nianze na roleksi, chapati yetu ya kukunjwa na mayai. Mwezi uliopita nilisimama kwa kijana anayekaanga chapati karibu na stendi hapa Jinja. Nikaagiza mayai mawili, nyanya, kitunguu, kabichi kidogo. Akaikunja, akachomoa karatasi kwenye rundo lililokuwa limekandamizwa na jiwe, akanifungia. Nilipofungua nikakuta nusu ya nyoka. Picha ya rangi, magamba unaweza kuyahesabu, na kichwa kimezama ndani ya mafuta. Niliijua papo hapo. Ilikuwa karatasi ya kitabu cha nyoka wa Uganda cha Kapteni Charles Pitman, aliyekuwa mkuu wa idara ya wanyamapori hapa kwetu enzi za Mwingereza. Kilianza kutoka vipande vipande katika Uganda Journal, jarida lililoanzishwa 1934, kisha kikachapwa kitabu kizima mwaka 1938. Nilikaa na nakala yake kabatini miaka mingi. Kila mtoto aliyeletwa mbio maabara akiwa na nyoka aliyeuawa bwenini, kitabu hicho ndicho tulichofungua kwanza.

Nikamwuliza, "Kijana wangu, hizi umezitoa wapi?"

"Mzee, kuna shule walisafisha stoo, tukanunua kwa kilo. Karatasi yake nzuri hii, hainywi mafuta."

Ni kweli, hainywi mafuta. Nikampa shilingi 5,000 akaniachia zote zilizosalia za kitabu kile, karatasi 11. Shule iliyouza sitaitaja. Roleksi nayo niliila, hasira hazishibishi.

Mimi si mwalimu, ingawa wanafunzi waliniita hivyo. Ni fundi wa maabara. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo vya kioo, kubadilisha formalini, dawa ya kuzuia vielelezo visioze, kwenye chupa, kukamata vyura kwa ajili ya mtihani wa vitendo, na kuhakikisha lenzi za hadubini hazitembei na miguu. Baba yangu alikuja Jinja na reli akitokea Voi, mama ni Msoga. Nyumbani Walukuba tulizungumza Kiswahili kwa sababu ndiyo lugha pekee ambayo wote wawili waliweza kugombana wakaelewana. Shule niliyofanyia kazi ilikuwa na watoto wengi wa askari, polisi na magereza, waliokinyonya Kiswahili kambini pamoja na maziwa ya mama. Najua nchi hii bado ina watu ambao wakisikia Kiswahili wanakumbuka kizuizi cha askari barabarani. Siwalaumu. Lakini watoto wale hawakuwa na kosa, na bwenini, Mlugbara na Mkaramojong na Msamia walicheka kichekesho kimoja kwa Kiswahili hicho hicho.

Basi neno langu ni hili: vitabu vile vya kale vya viumbe visomwe hapa kwetu, na visomwe kwa Kiswahili.

Msomaji wa Mbale anadhani vitabu hivi ni vya mabwana wenye Kilatini chao. Na amfikirie Antoni van Leeuwenhoek wa Delft, Uholanzi. Alikuwa muuza vitambaa. Ungemweka Kiyembe pale Kampala na futi kamba shingoni, nani angemshangaa? Kilatini hakujua, Kiingereza hakujua. Alijisagia vioo vya kukuzia, vidogo sana, akatazama kila kilichomjia mkononi: maji ya mvua, maji aliyolowekea pilipili manga, utando wa meno yake mwenyewe. Oktoba 1676 alipeleka barua ndefu London, kwenye Royal Society, chama cha wanasayansi, akieleza vijinyama vidogo kupita kiasi alivyoviona vikiogelea majini. Aliandika kwa Kiholanzi, lugha aliyopimia kitambaa. Wale wa London hawakumwambia akajifunze Kilatini kwanza, waliitafsiri barua. Kuamini hawakuamini upesi, mpaka mwaka 1677 Robert Hooke, yule aliyetoa kitabu cha michoro ya hadubini mwaka 1665, alipovitazama kwa macho yake. Mwaka 1680 muuza vitambaa akafanywa mwanachama. Maisha yake yote aliandika barua tu, mamia ya barua, na nikikumbuka hilo sioni haya kukuandikia hii.

Sayansi imempita, anasema msomaji. Imempita kweli, hadubini yangu ya shule iliyovunjika mguu ilikuwa inaona mara nyingi kuliko yake? Hata hilo sina hakika nalo, maana vioo vyake bora vilikuza zaidi ya mara 200. Lakini hebu tazama darasani kunafanyika nini. Kitabu cha kisasa kinamwambia mtoto kwamba bakteria ni kiumbe mwenye seli moja. Mtoto anakariri, anaandika kwenye mtihani, anasahau njiani akienda kupanda teksi. Mimi nilipomsimulia mtoto wa kidato cha pili habari ya yule mzee wa Delft na utando wa meno yake, alianza kukwaruza meno yake kabla sijamaliza sentensi. Akauliza kama nina slaidi safi. Sikuwa nayo. Tulikata kioo cha dirisha lililovunjika.

Kilichonigeuza mimi ni kitabu cha nyungunyungu. Nilikikuta ndani ya sanduku la vitabu vilivyoachwa na familia ya Kihindi iliyofukuzwa mwaka 1972. Jirani yetu alilichukua sanduku kwa ajili ya mbao zake, vitabu akavimwaga barazani. Ni cha Charles Darwin, cha mwisho katika maisha yake: kilitoka Oktoba 1881, naye akafa Aprili 1882. Watu wanamjua kwa kile cha Novemba 1859, juu ya chanzo cha aina za viumbe, kilichochapwa nakala 1,250 na kugombanisha dunia hadi leo. Kabla hujamtukana au hujamsifu kwa hicho, nakuomba ukamtazame akiwa amechuchumaa na nyungunyungu wake.

Aliwaweka kwenye vyungu vya udongo chumbani mwake. Akataka kujua kama wanasikia. Akawapulizia filimbi kali ya chuma, hawakujali. Wakapigiwa zumari kubwa lenye sauti nene, hawakujali. Akawapigia kelele, hawakujali, mradi pumzi yake isiwafikie. Kisha akaviweka vyungu juu ya piano, ikapigwa noti moja nzito, na nyungunyungu wakazama mashimoni mwao kama waliovutwa na kamba. Basi sauti ya hewani hawaisikii, ila mtikisiko unawafikia mwilini. Fikiria, mzee wa miaka 70 na kitu, jina lake linajulikana dunia nzima, anaweka chungu cha udongo juu ya piano ya mkewe. Mama watoto wangu aliponisikia nikisimulia hili alisema yule mama alikuwa na subira ya mbinguni.

Mwaka 1994 tulijaribu. Piano hatukuwa nayo. Tulikuwa na engalabi, ile ngoma ndefu, ya kikundi cha ngoma cha shule na filimbi ya refa. Tulikaa maabara usiku, tochi imefungwa karatasi nyekundu, kwa sababu Darwin anaeleza kwamba mwanga hafifu uliopita kwenye kioo chekundu haukuwashtua. Mimi nashika kitabu cha Kiingereza mkono mmoja, nasoma sentensi, naimwaga kwa Kiswahili hapo hapo. Filimbi: kimya. Engalabi ikipigwa pembeni, imeshikwa mkononi: kimya. Tukaisimamisha juu ya meza yenye chungu, kijana akapiga mara moja kwa kiganja, na uso wa chungu ukabaki mtupu. Watoto walipiga kelele iliyomleta mlinzi na rungu lake.

Msichana mmoja akauliza, "Mwalimu, kuku akikwangua ardhi, wao wanadhani ni nani?" Nilibaki mdomo wazi. Usiku ule nikapekua kitabu, nikakuta Darwin amegusa swali la jirani na hilo: watu wa kwao husema ukiipiga ardhi nyungunyungu hutoka nje wakidhani fuko anawafuata. Akaenda mwenyewe kuipiga ardhi sehemu nyingi zilizojaa nyungunyungu. Hakutoka hata mmoja. Hakuandika kwamba watu wale ni wajinga. Aliandika alichofanya na alichokiona.

Kuna pia habari ya pembetatu za karatasi. Alitaka kujua kama nyungunyungu ana akili ya kuchagua upande wa kuvutia jani ndani ya shimo. Akakata pembetatu ndefu za karatasi, akazipaka mafuta zisilowe umande, akazitawanya. Zilizovutwa alizihesabu: 303. Asilimia 62 zilishikwa kwenye ncha kali, panapopita kirahisi shimoni. Sisi tulikata za daftari tukazipaka samli. Asubuhi kuku wa mpishi walikuwa wamekula karibu zote. Niliwaambia watoto waandike hivyo hivyo kwenye madaftari: kuku wamekula. Mwalimu wa zamu hakufurahi, akasema hayo si matokeo. Ni matokeo, nasimamia hapo mpaka leo.

Na subira! Mwaka 1842 Darwin alitawanya chaki iliyovunjwavunjwa juu ya shamba karibu na nyumba yake. Mwaka 1871, baada ya miaka 29, akachimba mtaro kuona imefika wapi. Ilikuwa inchi 7 chini ya uso wa ardhi, mstari mweupe, nyungunyungu wameifukia kwa kutoa udongo chini na kuutapanya juu, mwaka hadi mwaka. Sisi huku tukisubiri matokeo ya UNEB, baraza letu la mitihani, miezi miwili tunaona nywele zinatuota mvi.

Sasa nije ziwani, hapa Victoria, maana hapo ndipo panaponiuma.

Nilipokuwa mtoto, pale Masese nkejje walikuwa wanauzwa wamekaushwa na kutungwa kwenye vijiti, na mama zetu waliwapika kwa mtoto mwenye surua. Wenzetu wa Mwanza wanawaita furu. Samaki mdogo, mwenye miiba, wa kila rangi, na wa aina nyingi kiasi kwamba wataalamu walichoka kuwapa majina. Samaki wa heshima alikuwa ngege. Mwaka 1927 na 1928 Mwingereza mmoja, Michael Graham, alizunguka ziwa hili akichunguza uvuvi, kwa sababu ngege walikuwa wanapungua tangu nyavu za makila za kutoka Ulaya zilipoingia mwaka 1905. Ndiye aliyempa ngege jina la kisayansi mwaka 1928, Tilapia esculenta, na hilo neno la pili maana yake ni wa kuliwa. Naona alimwonja kwanza. Ripoti yake ilitoka 1929. Humo alishauri matundu ya wavu yasipungue inchi 5. Humo pia ameandika kwamba kuleta ziwani samaki mkubwa anayekula wenzake, kutoka maji mengine, ni hatari kubwa kabisa, isipokuwa kwanza ufanyike utafiti mpana.

Mwaka 1929, Mhariri. Hata mimi sijazaliwa, baba yangu hajavaa suruali ndefu.

Samaki mwenyewe unamjua: mputa, sangara. Kwao ni Ziwa Albert na Nile ya chini, na maporomoko ya Murchison yalikuwa yamemzuia asipande kuja kwetu tangu zamani. Mwaka 1960 Geoffrey Fryer, aliyekuwa akifanya kazi hapa hapa Jinja kwenye kituo cha utafiti wa samaki cha Afrika Mashariki, aliandika makala kupinga wazo la kumleta. Maneno mazuri, yenye hoja. Lakini tangu miaka ya 1950 sangara walikwisha kuanza kutiwa majini, na mwanzoni mwa miaka ya 1960 wakatiwa rasmi.

Kwa miaka kama ishirini hatukuona kitu. Kila muhula shule ilinituma mwaloni kununua nkejje wa wanafunzi kupasua. Mwaka 1979, pamoja na vita vya mwaka ule, nilijaza ndoo kabla sijamaliza sigara moja (nimeacha tangu 1990). Mwaka 1986 nilizunguka mialo mitatu nikarudi na mukene, wale dagaa, na mwalimu wa baiolojia akaniuliza kama namfanyia mzaha. Wataalamu wanakadiria kwamba aina kama 200 za nkejje zilitoweka katika ziwa hili ndani ya miaka ile. Ngege naye ni adimu mno ziwani siku hizi. Amebaki zaidi katika vijiziwa vya pembeni. Kabatini mwangu niliacha chupa moja ya mwaka 1978 yenye samaki watatu, lebo kwa mwandiko wangu: nkejje, Masese. Nikistaafu mwaka 2016 niliomba niondoke nayo, wakanikatalia kwa kuwa ni mali ya shule. Natumaini haijauzwa kwa kilo.

Msomaji wa Mbale atanijibu hapa, naye atakuwa na haki: Graham na Fryer waliandika kwa Kiingereza, na walioleta sangara walijua Kiingereza vizuri. Kusoma kulisaidia nini? Swali hilo limenikalia kooni na sijalimeza. Wazee wa Pwani husema asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila huku kwetu aliyekataa kusikia alikwenda zake na miguu yake yote miwili, guu likavunjika la mama aliyekuwa akiuza nkejje. Huyo mama hakuwahi kujua kwamba kulikuwa na mabishano. Mvuvi mwenye mtumbwi, aliyejua nkejje yupi anatunza watoto mdomoni na yule samaki kamongo dume anavyolinda kiota chake, hakuulizwa. Labda wangemsikiliza, labda wasingemsikiliza. Angalau angekuwa na karatasi mkononi ya kwenda nayo kwa chifu wa gombolola.

Na nisiwe mnafiki: sangara amejenga. Nyumba ya bati ya mdogo wangu imesimama kwa sangara, na karo za watoto wake wawili zimetoka kwenye mapanki, mifupa na vichwa vya sangara, ya kiwandani. Nilikwishamla, na wa kukaanga ni mtamu.

Kuna jambo moja nakubaliana kabisa na msomaji wako. Vitabu hivi vina matusi. Kitabu cha John Hanning Speke cha 1863, juu ya safari yake ya kutafuta chanzo cha Nile, kina kurasa juu ya watu weusi ambazo nilizisoma nikasimama nikaenda kunywa maji. Atakayekitafsiri asizifiche, azitafsiri kama zilivyo ili wajukuu zetu wajue tulivyotazamwa. Lakini tarehe 28 Julai 1862 mtu huyo alisimama hapa Jinja, juu ya maporomoko aliyoyaita Ripon, akaandika alichokiona: samaki kwa maelfu wakiruka kupanda maji kwa nguvu zao zote, wavuvi wa Kisoga na Kiganda wamesimama juu ya kila jiwe na ndoana zao, viboko na mamba wamejilaza majini kwa usingizi. Maporomoko hayo yalizama mwaka 1954 bwawa la Owen Falls lilipokamilika. Mimi nimezaliwa 1956. Mama yangu alikulia karibu na mawe yale na hakujua kuandika. Samaki wale wanaoruka nimewaona katika aya ile moja tu, na aya ile iko kwa Kiingereza, ndani ya kitabu kilichomtukana mama yangu.

Halafu kuna nzohe, yule swala wa kwenye mafunjo. Speke alimpata Karagwe kwa mfalme Rumanika, na jina alilosikia kwa wenyeji aliliandika kitabuni: nzoe. Wataalamu wa Ulaya wakamwita spekii. Waliomkamata bwawani hawana jina popote. Speke mwenyewe alielewanaje na watu? Alizungumza Kihindi na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyeuzwa utumwani utotoni akafikishwa India. Bombay akayageuza kwa Kiswahili. Mengi yaliyomo katika kitabu kile yalipita kwenye ulimi wa Kiswahili kabla hayajafika kwenye wino wa Kiingereza. Tukikitafsiri tunadai chetu.

Tangu Julai 2022 baraza la mawaziri limekwisha kuamua kwamba Kiswahili kiwe somo la lazima shule za msingi na sekondari. Nimeviona vitabu wanavyoletewa wajukuu wangu. Mjukuu wa kwanza anauliza bei ya nyanya sokoni. Wa pili, darasa la juu yake, anauliza bei ya nyanya sokoni kwa adabu zaidi. Sina ugomvi na nyanya. Naomba tu wanaotunga vitabu hivyo watie ukurasa mmoja wa nyungunyungu juu ya piano, ukurasa wa pilipili manga ya Leeuwenhoek, ukurasa wa Graham na ngege wake. Mtoto atajifunza lugha akiwa na kitu cha kuambia wenzake. Na watunge wakiwa na watu wa hapa: mwalimu mmoja wa Kiswahili aliyetoka ng'ambo ya Busia aliwahi kuwasahihisha watoto wetu waliposema wamekula mmamba kwa chakula cha jioni, akawaambia mamba haliwi. Yeye aliwaza yule wa meno. Watoto walimaanisha kamongo. Zamu nzima ya usiku walicheka.

Kwa wakuu wa shule ombi langu ni dogo. Kabla ya kuita mnunuzi wa makaratasi, mwite mzee yeyote aliyewahi kufanya kazi maabara akapitie rundo. Tupo, hatuna shughuli, na nauli ya boda tutajilipia.

Nawe Mhariri, nafasi ya nusu safu kila wiki itakugharimu nini? Nimeambatanisha tafsiri ya kurasa mbili za kitabu cha nyungunyungu. Nimeirudia mara nne, na bado kuna neno moja linanisumbua. Vile virundo vidogo vya udongo vilivyosokotwa kama tambi, ambavyo nyungunyungu huviacha juu ya ardhi asubuhi baada ya mvua, mimi nimeviita vichuguu. Mama watoto anasema nimekosea, kichuguu ni cha mchwa na hakitakuwa cha mwingine. Nikajaribu kusema mavi ya nyungunyungu, akasema gazeti linasomwa mezani. Kama kuna msomaji wa Lamu, wa Tanga, wa Bombo, wa popote, ambaye kwao wana neno lake, na aniandikie kupitia kwako kabla hujaichapa.

Fundi wa maabara mstaafu,
Walukuba, Jinja